Bando linayeyuka, duara linazunguka, simu haichaji: tuanzie wapi?

Meza yangu iko Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya kwenda Iringa. Nasajili laini, nauza vocha, na kutwa nzima napokea simu zilizomshinda mwenyewe. Anayeshuka kutoka Isongole ana lake, aliyekuja na basi la Tunduma ana lake, lakini baada ya miaka kadhaa nimeona malalamiko ni yaleyale yanajirudia. Kinachoniuma ni mtu anayefika baada ya kulipia simu "kuflashiwa" (kufutwa yote na kuwekewa programu upya) na kupoteza picha zote za marehemu mama yake, wakati dawa ilikuwa kuondoa tiki mahali pamoja. Ndiyo maana hapa nimeanza na vitu visivyogharimu hata shilingi, na yale yanayofuta vitu nimeyaweka mwisho.

Kabla ya yote, zima simu kabisa, hesabu hadi thelathini, uwashe. Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukigusa setingi tano kwa mpigo na simu ikapona, hutajua kilichoiponya, na ikizidi kuharibika hutajua cha kurudisha.

Bando halifiki jioni

Hili linaongoza kwa mbali, na neno linalotangulia huwa "wananiibia". Kampuni inaweza kukosea, lakini kabla ya kwenda kugombana fungua setingi, ingia kwenye matumizi ya data, ushuke hadi kwenye orodha ya programu. Simu yenyewe imeandika nani kala nini.

Alinijia dada mmoja anayeuza mitumba Mwanjelwa. Alikuwa amenunua GB 1 asubuhi, na saa saba mchana ujumbe wa kumaliza bando ukaingia. Tukafungua orodha pamoja, vichwa vyetu juu ya kioo kimoja. WhatsApp peke yake ilikuwa imekula MB 612. Nikamwomba anionyeshe magrupu yake: la ukoo, la kikoba, la kwaya, la wazazi wa darasa la tatu, na manne ya wauza mitumba ambako belo likifunguliwa kila nguo inapigwa video. Hakuwa ametazama hata robo ya video hizo. Zilikuwa zinajipakua zenyewe huku simu ikiwa kwenye mkoba.

Visababishi, kuanzia ninachokiona mara nyingi zaidi:

1. Picha na video zinazojipakua. Ndani ya WhatsApp nenda setingi, kisha hifadhi na data. Pale panapohusu data ya simu, ondoa tiki kwenye video, sauti na nyaraka. Picha unaweza kuziacha. Unachotaka kukitazama utakigusa mwenyewe. Yule dada hatukumfanyia kingine zaidi ya hiki, na kesho yake bando la siku lilimfikisha usiku.

2. Video zinazoanza zenyewe unapoperuzi TikTok, Facebook, Instagram au YouTube. Hesabu yake ni hii: video inayovuta megabiti 1 kwa sekunde (megabiti nane ni MB moja) inakula takriban MB 450 kwa saa. Ikivuta megabiti 3, saa moja ni zaidi ya GB 1. Programu hizi nyingi zina kitufe cha kuokoa data, kiwashe. Na ukiwa unasikiliza mahubiri au uchambuzi wa mpira huku unapika, shusha ubora wa picha hadi 240p au 144p, maana macho yako yako kwenye sufuria.

3. Programu zinazojisasisha na picha zinazojinakili kwenda kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Kwenye Play Store, kwenye Google Photos na kwenye nakala rudufu ya WhatsApp, chagua ifanyike kwa Wi-Fi pekee.

4. Hotspoti. Ulimwashia mdogo wako wa chuo afanye asaimenti, kompyuta yake ikaona intaneti ikaanza kushusha masasisho ya Windows. Kwenye kompyuta hiyo mwambie auweke muunganisho huo kuwa wenye kipimo ("metered"), nayo itaacha kushusha masasisho mengi. Nenosiri la hotspoti lisiwe namba yako ya simu.

5. Bando lenyewe si ulilodhani. Kuna ya usiku tu, na kuna ya mitandao ya kijamii tu. Soma ujumbe wa manunuzi hadi mwisho, hasa saa ya kuisha.

6. Programu usiyoijua. Ukiona kwenye orodha jina ambalo hukuliweka, na limekula mamia ya MB, liondoe. Mara nyingi liliingia pamoja na programu ya tochi au ya kusafisha simu.

Ukishapita hapo, na simu inaonyesha umetumia MB 300 huku kampuni ikisema GB 1 imekwisha, sasa una hoja. Piga picha ya kioo yenye tarehe, piga 100, eleza kwa utulivu, na andika namba ya malalamiko utakayopewa. Wakishindwa kukujibu, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, na wao watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni. Ile namba ndiyo ushahidi wako.

Vimistari vimejaa, lakini duara linazunguka tu

Vimistari vinaonyesha nguvu ya mawimbi kutoka mnarani. Havisemi kama mnara una nafasi ya kukuhudumia, wala kama bando lako liko hai. Kwa hiyo kwanza angalia salio la bando, kisha kama data imewashwa, kisha kama data imeelekezwa kwenye laini sahihi. Hili la laini linawasumbua sana wenye laini mbili: bando lipo laini ya kwanza, data imewashwa laini ya pili.

Kama hapo pako sawa, washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, uizime. Simu italazimika kutafuta mnara upya. Halafu tazama herufi iliyo kando ya vimistari. Ikiwa E, umeshuka hadi 2G, na picha moja itachukua muda wa kuchemsha chai. Ingia kwenye aina ya mtandao, uchague ile inayoanzia 4G na kushuka yenyewe.

Huku kwetu milima ina sehemu kubwa katika hili. Mawimbi hayapindi kona vizuri. Nyumba iliyo bondeni nyuma ya kilima inaweza kuwa jirani kabisa na mnara na isipate kitu, huku aliye juu ya tuta mbali zaidi anapiga video bila kukwama. Watu wa Rungwe na Makete wanalijua: kila kijiji kina mti au jiwe ambako watu husimama kupiga simu. Ndani ya nyumba ya bati na tofali nene, sogea dirisha linalotazama mnara, weka simu pale, uwashe hotspoti, ukae na kifaa kingine ulipo. Nimewasaidia wanafunzi wawili wa Inyala kwa njia hii, na hawakununua chochote.

Jioni kati ya saa moja na saa nne mnara huwa na watu wengi. Kama asubuhi mtandao unakimbia na jioni unatambaa, simu yako nzima. Pakua mafaili makubwa alfajiri.

Kisababishi kinachosahaulika ni tarehe. Simu ikizima kwa siku kadhaa kwa kukosa umeme, inaweza kuwaka na tarehe ya miaka iliyopita. Tovuti zitakataa kufunguka zikidai muunganisho si salama, na WhatsApp itakuambia urekebishe tarehe. Washa tarehe na saa za otomatiki.

Yakishindikana hayo, ndipo uingie ndani zaidi. Zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako njia nyingine) kama ipo. Toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu, ijaribu kwenye simu ya mwenzako. Ikifanya kazi huko, tatizo ni simu. Ikigoma, tatizo ni laini au mtandao. Rudisha APN, yaani setingi zinazoiunganisha simu na intaneti ya kampuni, kwenye hali yake ya awali. Mwisho kabisa, weka upya setingi za mtandao. Hili hufuta manenosiri ya Wi-Fi na vifaa vya bluetooth, picha na meseji zinabaki. Usilichanganye na kuweka upya simu nzima, ambalo halibakizi kitu.

Na pa kuachia mkono ni hapa: uliza jirani mwenye laini ya kampuni hiyohiyo. Kama naye hana mtandao, acha kugusa simu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilisuasua nchi nzima na kwa majirani zetu pia, kwa sababu nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu. Kesho yake nilipokea watu waliokuwa wamefuta kila kitu kwenye simu zao wakihangaikia tatizo lililokuwa baharini.

Saa ya simu imerudi nyuma, na data imekata: uko Tunduma au Kasumulu

Zambia, ng'ambo ya Tunduma, na Malawi, ng'ambo ya Kasumulu, ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa Tunduma, hasa karibu na geti, simu inaweza kushika mnara wa upande wa Nakonde kwa sababu tu uko karibu zaidi. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: data inakata au inaanza kula salio, na saa inarudi nyuma. Kaka mmoja aliyelala gesti pale mpakani alitega alamu ya saa kumi na moja alfajiri. Ililia saa kumi na mbili yetu, na basi lake lilikuwa limeshaondoka na tikiti yake.

Zima romingi ya data, yaani kutumia data kupitia mtandao wa nchi nyingine, kabla hujafika Tunduma. Kwenye uchaguzi wa mtandao, ondoa otomatiki uchague kampuni yako mwenyewe kwa jina. Kwenye saa, zima majira ya otomatiki uchague Dar es Salaam. Ukiwa unavuka kweli kwenda ng'ambo, rudisha uchaguzi wa mtandao kuwa otomatiki, la sivyo utakaa bila mtandao kabisa.

"Hifadhi imejaa"

Usianze kufuta picha za watoto. Ndani ya WhatsApp, kwenye hifadhi na data, kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi inayokuonyesha mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Anzia hapo, maana nafasi nyingi imeliwa na vichekesho na salamu za asubuhi zenye maua. Kisha fungua pipa la taka la picha. Ulivyovifuta bado vimekaa humo. Kisha futa kashe (mafaili ya muda ambayo programu hujiwekea) ya TikTok na Facebook.

Tofautisha maneno mawili yanayokaa jirani. Kufuta kashe hakuna madhara. Kufuta data ya WhatsApp kunaondoa meseji zako, na zisipokuwa na nakala hazirudi.

Onyo la pili ni la Google Photos, na limewaliza wengi. Kama picha zako zinajinakili huko, kufuta picha ndani ya programu hiyo kunaifuta simuni na kwenye wingu pia. Tumia kile kitufe cha kuongeza nafasi kwenye kifaa. Hicho huondoa nakala ya simu tu. Akaunti ya Google ina GB 15 za bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na nakala za WhatsApp. Zikijaa, nakala mpya hazipandi tena, nawe utaendelea kudhani zinapanda.

Memori kadi ya bei ya kutupa iliyoandikwa GB 512 huwa haina hata robo yake. Itapokea mafaili, kisha hayatafunguka. Usihamishie humo kitu unachokipenda kabla hujaijaza kadi yote na kuyafungua tena mafaili yake.

WhatsApp imetoka yenyewe, au ndugu wanauliza kwa nini unaomba hela

Hapa fanya haraka, kusoma baadaye.

Fungua WhatsApp, ingiza namba yako, omba tarakimu sita zije kwa meseji, uziingize. Mara tu ukifanya hivyo mwizi anatolewa. Ukiombwa PIN usiyoijua, mwizi aliweka uthibitishaji wa hatua mbili. Utasubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN, ila naye ameshatolewa. Wakati huohuo wapigie watu kwa simu ya kawaida, uanze na mama, kaka na mweka hazina wa kikoba, uwaambie wasitume hela.

Ukishaingia, weka PIN yako, ongeza barua pepe ya kuirejesha, na uangalie vifaa vilivyounganishwa. Kisababishi cha kwanza ni kumpa mtu zile tarakimu sita. Hupiga simu kwa sauti ya heshima, "Samahani mama, nimekosea nimetuma namba yangu kwako, naomba unisomee." Hakuna mtu wa benki, wa kampuni ya simu wala wa zawadi anayestahili kuzisikia. Hata mtoto wako.

Kisababishi cha pili hakizungumzwi vya kutosha: steshenari. Unaenda kuprinti barua ya maombi ya kazi, unaunganisha WhatsApp au unafungua barua pepe kwenye kompyuta ya dukani, unalipa, unaondoka. Akaunti imebaki wazi pale. Niliwahi kuketi kwenye kompyuta ya namna hiyo nikakuta barua pepe za watu watatu, mmoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kabla hujainuka kwenye kiti, ondoa kifaa hicho kwenye orodha ya vilivyounganishwa, toka kwenye barua pepe, na ufute faili lililobaki kwenye kompyuta na pipa lake la taka.

Ikiwa laini yenyewe imepoteza mtandao ghafla wakati wengine wanao, na hujaigusa, huenda mtu amesajili laini nyingine kwa namba yako. Hili si la kujaribu setingi. Azima simu, piga 100 sasa hivi, waifunge laini na akaunti ya pesa, kisha nenda duka la kampuni na kitambulisho chako cha NIDA. Hela ikiwa imetoka, nenda polisi siku hiyohiyo na namba za miamala. Piga pia *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji za "tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040.

Haichaji, kioo kinacheza, betri inakata kwa baridi

Anza na waya, halafu chaja, halafu soketi ya ukutani, halafu tundu la simu. Tundu hujaa vumbi la mfukoni na unga. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao kwa mkono mwepesi chini ya mwanga. Sindano na pini hapana, vinachuna na kuunganisha vidude vya ndani.

Kioo kikijibonyeza chenyewe wakati wa chaji tu, chomoa. Kikitulia, simu ni nzima na chaja ndiyo mbovu.

Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa sakitu huko Makete na Njombe, naletewa simu zinazozima zikiwa na asilimia thelathini. Betri za lithiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi kali. Kaa na simu mfuko wa ndani wa koti, si kwenye dirisha usiku. Ikitoka baridini, isubiri ipate joto la chumba kabla ya kuichaji. Na usiipeleke moja kwa moja kando ya figa: mvuke wa jikoni hugeuka maji ndani ya simu ya baridi, kama unavyouona kwenye chupa.

Simu iliyoingia maji, izime, usiichaji, toa laini na kava, iegemeze tundu likitazama chini penye upepo. Usiizike kwenye mchele, hata ukiwa wa Kyela. Apple wenyewe wanaonya kwamba chembe za mchele zinaweza kuharibu simu. Kama iliingia maji ya chumvi, supu au soda, iache imezimwa uipeleke kwa fundi.

Mgongo wa simu ukiinuka au kioo kikiachana na fremu, betri limevimba. Hapa unaacha kila kitu. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa. Iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na godoro na mapazia, kisha ipeleke kwa fundi anayebadilisha betri.

Kabla hujamkabidhi fundi

Piga *#06# uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, kwenye karatasi. Toa laini na memori kadi, ubaki navyo. Nakili picha kama simu bado inawaka. Usimwachie PIN ya pesa kwa sababu yoyote. Fundi wa kioo au chaji haihitaji. Muulize hivi: "Kazi hii itafuta vitu vyangu?" Akisema ndiyo, muulize kama kuna njia nyingine kwanza. Akisema hapana, mwambie aandike hivyo kwenye risiti, pamoja na bei na siku ya kuchukua.